Karatasi Ikandwayo Mpaka Iwe Kama Nguo

Mvua ya Rungwe mnaijua. Huanza mwezi wa Novemba, na ifikapo Aprili mtu amekwisha sahau rangi ya mbingu. Ukungu hushuka kutoka mlimani, ukaingia sokoni Tukuyu, ukaingia majumbani, ukalala na watu vitandani. Chumvi hulowa katika kopo lake. Viatu huota ukungu chini ya kitanda. Basi fikirini hali ya daftari la mtoto atembeaye nusu saa kwenda shule na nusu saa kurudi, mkononi hana mfuko, na kichwani ana jani la mgomba tu.

Mwezi wa Machi mwaka jana binti wa dada yangu, asomaye darasa la sita, alirudi nyumbani saa nne za asubuhi akilia. Daftari lake la hesabu lilikuwa limekuwa uji. Jalada la karatasi ya kaki, ambalo nilimfungia mimi mwenyewe mwezi wa Januari kwa uangalifu mwingi, lilikuwa limekatika palepale penye mkunjo wa mgongo. Maji yakapata njia, kurasa zikaachana. Akaambiwa asirudi darasani mpaka amenakili upya kazi yote ya muhula. Mama yake akaenda dukani kununua daftari jingine, la tatu tangu mwaka uanze.

Labda yuko mtu atakayesema, daftari ni kitu kidogo. Kwake yeye ni kidogo. Dada yangu ni mjane, ana watoto wanne shuleni, naye huuza ndizi kwa mkungu kando ya barabara iendayo Kyela. Mikungu ile haikui upesi kwa sababu mtoto anahitaji daftari.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilimsimulia jambo hili Sista mmoja ambaye zamani alikaa miaka michache Japani kwa masomo. Sikutaka msaada wowote, nilitaka kulalamika tu, kama tufanyavyo wengi. Yeye hakunipa pole. Aliniuliza, “Una mfuko wa kaki hapo?” Nilikuwa nao, umebeba mkate. Akautoa mkate, akaupasua mfuko pembeni ukawa karatasi moja tambarare, akanyunyiza maji kidogo kwa vidole, halafu akaufinya ndani ya ngumi zake mbili mpaka ukawa kama yai. Nilidhani amekasirika. Akaukunjua polepole. Akaufinya tena. Akaukunjua. Tulizungumza habari za kwaya na habari za paa la kanisa, na wakati wote mikono yake haikuacha kukanda. Kabla hatujaagana akaniwekea ile karatasi begani, ikalala begani pangu kama leso. Haikusimama, haikulia ile sauti ya karatasi. Ililala.

Wajapani huiita kazi hii momigami. Maana yake si ya ajabu, ni karatasi ya kukandwa. Momi ni kukanda au kusugua kwa mikono, na gami ni kami, yaani karatasi. Nimeona vema nilieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu lina faida nyumbani, na pia kwa sababu lilinifikisha mahali nisipotazamia, yaani kwenye jiko la bibi yangu.

Kwanza tuulize, karatasi ni nini? Watu wengi huiona kama kitu kimoja, kama bati au kioo. Ukiipasua na kuitazama ukingoni juani, utaona vinyweleo. Karatasi ni nyuzinyuzi za mmea zilizochanganywa na maji, zikatandazwa, zikakauka huku zimeshikana. Hakuna aliyezisuka. Zinashikana zenyewe kila mahali zinapopishana. Nguo nayo ni nyuzi, lakini zimesokotwa na kufumwa, kwa hiyo zinaweza kuteleza na kupinda. Karatasi ni ngumu kwa sababu nyuzi zake zimegandana mno.

Mtu akandapo karatasi, huachanisha sehemu ya maungano hayo bila kuzikata nyuzi zenyewe. Tena hutia mikunjo maelfu, midogomidogo, kila upande. Hapo ndipo ilipo siri ya jalada la daftari. Jalada la kawaida lina mkunjo mmoja mgongoni, na mzigo wote wa kufungua na kufunga huangukia mstari ule mmoja mpaka ukatike. Karatasi iliyokandwa haina mstari mmoja wa kubeba mzigo. Hupinda popote.

Lakini si kila karatasi hukubali. Nyuzi fupi hukatika au huachana, na karatasi hubomoka mkononi. Gazeti halifai kabisa. (Naomba mtu asilijaribu gazeti hili kabla nyumba nzima haijalisoma.) Karatasi ya daftari nayo haifai. Wajapani hutumia karatasi yao iitwayo washi, ambayo iliyo bora hutokana na gome la ndani la mti waitao kozo. Sisi twaweza kuuita mforosadi wa karatasi. Nyuzi za gome lile zina urefu wa kama sentimita moja, na hizo ni ndefu sana kwa karatasi. Nyuzi za mti wa msindano, ambao wengi huuita mpaina, ni kama milimita tatu. Za mkaratusi ni kama milimita moja tu.

Baada ya washi huja kaki yetu. Karatasi ya kaki ya mifuko na bahasha hutengenezwa kwa njia iliyobuniwa Ulaya katika karne ya 19, nayo huitwa kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Njia hiyo haizivunji sana nyuzi. Na karatasi hiyo hatuhitaji kuitafuta ng'ambo, kwa maana kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, huitengeneza kwa miti ya mashamba ya Sao Hill. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa madukani. Twabebea mkate, twabebea sukari, kisha twawashia moto.

Karatasi ilianza China. Mwaka 105 ofisa mmoja wa jumba la mfalme, jina lake Cai Lun, alimweleza mfalme jinsi ya kuitengeneza kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Yapata mwaka 610 ujuzi huo ulifika Japani, nao husimuliwa kuwa ulipelekwa na mtawa wa Kibudha kutoka Korea. Wajapani wakaupenda kuliko wote. Na kwa kuwa nchi yao ina baridi kali, na pamba na hariri zilikuwa mali ya wenye nacho, wakaanza kuvaa karatasi.

Naam, kuvaa. Vazi hilo huitwa kamiko. Walichukua karatasi nene ya kozo, wakaipaka gundi nyembamba, wakaikausha, wakaikanda, wakaunganisha vipande na kushona joho. Karatasi huzuia upepo, nayo ni nyepesi. Maskini waliivaa, watawa waliivaa, wasafiri waliivaa. Mshairi wao mashuhuri, Bashō, aliposafiri kwa miguu kaskazini mwa nchi mwaka 1689, alikuwa na joho moja la karatasi katika mzigo wake kwa ajili ya baridi ya usiku. Hata leo, katika hekalu la Tōdai-ji mjini Nara, watawa kumi na mmoja huvaa mavazi ya karatasi katika ibada zao za mwezi wa Machi, na ibada hizo hazijakatika tangu mwaka 752. Huikanda karatasi wao wenyewe kabla ya siku hizo. Sisi si wa dini yao, lakini mtu aliyewahi kushona kanzu ya Misa ataelewa mtu akandaye vazi lake la sala kwa mikono yake.

Gundi yao nayo ina habari yake. Hutokana na kiazi kiitwacho konnyaku, na mmea huo ni wa jamii moja na magimbi yetu. Nilipolisikia hili nilifurahi sana, nikadhani Rungwe tumekwisha tajirika, maana magimbi tunayo mpaka kwenye mitaro. Sista akanituliza. Wanga wa magimbi si kitu kilekile. Ute wa konnyaku ukikauka huwa utando mwembamba unaopinda bila kupasuka, na wakiutia maji ya chokaa au ya majivu hauyeyuki tena kwa mvua. Wanga wa kwetu hulowa. Wajapani hupaka pia maji ya tunda moja bichi lenye ukakasi, ili karatasi isipitishe maji. Tunda hilo huitwa kaki kwa lugha yao! Lakini halina undugu na kaki yetu, ambayo ni neno la Kihindi la rangi ya vumbi.

Ujuzi huohuo uliwahi kutumiwa kwa ubaya. Katika Vita Kuu ya Pili, wasichana wa shule huko Japani waliwekwa kazini kugandisha karatasi za kozo kwa gundi ya konnyaku, tabaka juu ya tabaka, kutengeneza maputo makubwa. Wengi wao walikuwa na njaa, na gundi ile ilikuwa chakula walichokizoea nyumbani. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 maputo zaidi ya 9,000 yalirushwa yakibeba mabomu, yachukuliwe na upepo wa juu kuvuka bahari mpaka Marekani. Mengi yalipotea. Tarehe 5 Mei 1945, karibu na Bly katika jimbo la Oregon, mke mjamzito wa mchungaji na watoto watano wa shule ya Jumapili, waliokwenda msituni kula chakula cha mchana, walilikuta moja chini. Likalipuka, wakafa wote sita. Karatasi haikuwa na kosa. Naandika hili kwa sababu Sista mwenyewe hakulificha aliponifundisha.

Sasa nirudi kwa bibi.

Nilipofika nyumbani siku ile nilikaa jikoni kwake, kwa kuwa ndiko kwenye moto, nikaanza kukanda mfuko wa sukari. Bibi mzaa mama ana miaka themanini na minane. Macho yamepungua nguvu, masikio ni mazima. Akasikiliza muda. Akauliza, “Mjukuu wangu, unafanya nini na hicho?” Nikamweleza habari za Japani, karatasi, nguo. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema, “Lete.” Akakishika, akakisugua kati ya vidole, akakiweka shavuni. Ndipo akasema kwamba mama yake alimsimulia juu ya nguo za gome. Alipokuwa mtoto alimwona mzee mmoja kijijini bado anagonga gome kwa nyundo ya mti, ingawa wakati ule watu walikuwa wamekwisha vaa pamba. Akaugonga mkeka kwa ngumi, ko, ko, ko, ili nisikie.

Nikamwuliza, mti gani? Hakumbuki. Walichemsha kwanza, au waligonga bichi? Hajui, alikuwa mtoto. Nyundo ile iko wapi? Akanitazama kama mtu aulizaye habari za moshi wa mwaka juzi.

Ni kweli, kabla ya vitambaa vya dukani wanawake wa Unyakyusa walivaa gome lililogongwa. Wageni wa kwanza wa Kizungu waliopita katika nchi hii mwishoni mwa karne ya 19 waliliona na kuliandika. Wahaya wa Bukoba nao walilivaa. Pamba ilipoingia, nguo ile ilikufa kimya, kwa maana nani aomboleze gome? Nilikaa pale jikoni nikafikiri kwamba Mjapani amenifundisha kwa mikono ya Sista kitu ambacho mzee wa kijiji chetu alikijua, nami sikujua hata kuwa kimepotea.

Waganda hawakukipoteza. Huko nguo ya gome huitwa olubugo, na mti wake huitwa mutuba, mmoja wa jamii ya mikuyu. Wakati wa mvua fundi huuchuna mti, hulitoa gome la ndani, halafu hulipiga kwa nyundo za mti za namna mbalimbali, zenye mifereji mikubwa kwanza na midogo baadaye, mpaka gome lipanuke, lilainike, liwe jembamba. Jua hulipa rangi ya udongo mwekundu. Shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo huota gome jipya, hata mti mmoja huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge. Wafalme walivaa gome, na mpaka leo hutumiwa katika kutawaza na katika mazishi. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake. Washi ya Wajapani iliongezwa baadaye katika orodha hiyohiyo.

Tena sikilizeni jambo hili. Mutuba wa Waganda na kozo wa Wajapani ni ndugu. Wataalamu wa mimea huwaweka katika jamii moja, pamoja na mkuyu, mforosadi wa matunda na mfenesi. Mataifa mawili yasiyojuana yalikwenda kwenye ukoo mmoja wa miti kutafuta nguo. Mmoja alipiga gome zima. Mwingine alilichemsha likaachana, akalifanya karatasi, kisha akairudisha ile karatasi kuwa nguo kwa kuikanda. Na kozo yenyewe imekwisha fika Afrika Mashariki. Imeenea katika misitu ya Mabira na Budongo huko Uganda, ikasonga miti ya asili, hata watu wa misitu huihesabu kuwa gugu. Wanaikata na kuitupa. Mkulima wa Japani huivuna fimbo kwa fimbo.

Haya, tufike kwenye kazi.

Chukueni mfuko wa kaki ulio mtupu, usiopakwa nailoni ndani. Ukiona ndani yake panang'aa, uacheni. Wala msichukue mfuko wa sementi, ingawa karatasi yake ni imara sana, kwa maana vumbi la sementi likikutana na maji huunguza ngozi na kudhuru macho, na kazi hii ni ya mikono mitupu yenye maji. Kateni chini palipo na gundi, na vishikio. Lainisheni kingo kwa mkasi, kwa sababu mpasuko mdogo wa ukingoni ndio unaokuja kuwa mkubwa.

Nyunyizeni maji kama mtu anyunyizavyo nguo kabla ya kupiga pasi. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilichovya karatasi nzima katika beseni, nikaifinya kwa nguvu za mwanamume, ikatoka vipande saba. Ya pili vilevile. Bibi akaniambia, “Unakanda kama mwenye basi linamngoja.” Karatasi iliyolowa sana haina nguvu yoyote, maana maji yenyewe ndiyo yaliyoilegeza. Iwe na unyevu tu. Ikusanyeni katikati kwa vidole, ifanyeni mpira, ifinyeni taratibu, kisha ifungueni kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuvuta ncha. Mara ya kwanza mpaka ya tano italalamika. Kama mara ya kumi itanyamaza. Endeleeni mpaka mara ya thelathini, na kila mara geuzeni upande ili mikunjo isirudi palepale.

Ikianza kukauka mkononi, tieni viganjani matone mawili matatu ya mafuta ya alizeti, pakeni mikono yote, halafu kandeni tena. Mafuta mengi yataleta madoa na harufu. Mwisho sugueni karatasi yenyewe kwa yenyewe, kama mama afuavyo kola ya shati. Mtaona vinyweleo vinatokea juu yake, laini kama ngozi ya pichi.

Kwa jalada la daftari yatosha hapo. Kwa kitu kibebacho uzito, kama kikoba, karatasi yahitaji kurudishiwa nguvu iliyopotea katika kukandwa. Katika hali hiyo msitie mafuta kwanza. Pikeni uji mwembamba wa unga wa muhogo, uchujeni, pakeni pande zote mbili kwa kitambaa, anikeni kivulini, na ikikauka kandeni tena. Rudieni mara mbili. Wanga huziba na kushika. Ila wanga ni chakula, na panya wa nyumba zetu hawajui tofauti ya kikoba na ugali. Kitundikeni juu.

Kushona kuna jambo moja. Mishono iwe mirefu, kama upana wa kidole kidogo. Mishono ya karibukaribu hutoboa mstari, na karatasi huchanika kwenye mstari huo kama stempu. Wanaotaka kuiosha wasahau. Karatasi ya kukandwa bila ute wa Kijapani haioshwi. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Na mvua kubwa ya Aprili itaishinda. Manyunyu na mikono yenye jasho haitashindwa nayo, wala mkunjo wa mgongoni. Mkitaka ivumilie zaidi, sugueni nta ya nyuki juu yake, kisha mpitishe pasi ya vuguvugu, na karatasi nyingine katikati.

Dada yangu hakuamini. Mtu anayebeba mikungu hawezi kuamini upesi kwamba kufinya karatasi ni kazi. Lakini alikaa nasi jikoni jioni mbili, na ya pili akanishinda, kwa kuwa mikono yake ina subira ambayo yangu haina. Alimfungia binti yake madaftari matano. Lile la hesabu lilipakwa nta. Akina mama wawili wa jumuiya yetu walipoliona wakaomba waonyeshwe, na siku ya mkutano, baada ya sala, wakaleta mifuko yao, wakakanda huku wakisikiliza matangazo. Mwenyekiti alilalamika kwa ajili ya sauti. Mara ya kumi sauti ikaisha, naye akanyamaza pia.

Bibi aliomba kipande kimoja, kisichokatwa. Nilimwuliza ni cha nini. Akafungua sanduku lake, akatoa cheti chake cha ubatizo, cha mwaka ambao hakuna kati yetu aliyekuwa amezaliwa, kilichokunjwa mara nne hata mikunjo imekuwa matundu. Akakizungushia ile karatasi laini, akafunga kwa uzi wa mgomba, akarudisha sandukuni.

Muhula ulikwisha mwezi wa Juni. Nilimwomba binti alete daftari la hesabu nilitazame. Ncha moja ya jalada ilikuwa imechakaa, na mbele kulikuwa na doa la mafuta la kidole gumba, ambalo nadhani ni changu. Mgongo ulikuwa mzima. Ndani, kurasa zote zilikuwapo, pamoja na sifuri mbili ambazo mama yake alikuwa hajazijua. Sasa shida yangu ni moja tu, nikienda dukani kununua sukari, majirani hunisimamisha njiani kuuliza kama mfuko una mwenyewe.